Nilisimama Njia ya Kinga

Bado wananipigia kengele. Jana, hapa Kisangani, nilikuwa navuka barabara kwenda kununua mkate, na vijana wa kubadilisha pesa waliacha kuhesabu noti, wakaanza kwa pamoja: kriing, kriing, kriing! Mmoja akasimama, akanyoosha mkono mbele, akakaza sauti: "Papa! Uko ndani ya njia ya kinga!" Nilikuwa kwa miguu. Nilikuwa kwenye tope. Walicheka hadi mmoja wao akapoteza hesabu ya mteja wake, na mteja naye akacheka.

Aibu hiyo ingali mbichi, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla haijavuka mto kwenda Lubunga, maana ng'ambo ile habari haifiki bila kuongezewa miguu.

Shangazi yangu alikuwa amepanda mto kutoka Barumbu kwa boti ya mbao, na shangazi hasafiri na mkoba, husafiri na ghala. Alishuka bandarini na madumu ya mawese, samaki wa moshi waliofungwa kwenye majani, mikungu ya ndizi za kutwangia lituma, jogoo mwenye hasira zake, na juu ya hayo yote, kinga. Ilikuwa baiskeli ya marehemu mume wake, chuma cha zamani, nzito, haina mnyororo, na fundi wa kule kijijini alikuwa ameinua mikono akasema ipelekwe mjini. Tukaifunga juu ya gari kwa mipira ya tairi. Shangazi akakaa mbele na jogoo mapajani, tukaenda Makiso kumtafuta fundi wa kinga karibu na soko kuu.

Fundi huyo hana duka. Ana mwavuli, pampu, beseni la maji ya kutafutia tobo na kopo la nati. Yuko ukingoni mwa barabara, na ukitaka kumkabidhi baiskeli iliyo juu ya gari lako, huna budi kusimama mbele yake. Nikasimama. Nikawasha taa za tahadhari, zile zinazowaka. Nikapanda kwenye kizingiti cha mlango nifungue mipira, na fundo la kwanza halijalegea nikasikia filimbi.

"Papa, hapo hapana kusimama."

Askari wa rulaji, yaani wa barabarani, alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Kila mwenye gari katika mji huu anaijua ibada inayofuata. Unasalimia: shefu, habari ya kazi. Naye anajibu kwamba kazi ipo, ila jua. Kisha anaomba karatasi moja baada ya nyingine, leseni, kadi ya gari, bima, ukaguzi, kodi ya barabara, halafu anahamia kwenye vyombo: kizimamoto, pembetatu, sanduku la dawa, tairi la akiba. Hatafuti ulichonacho. Anatafuta usichonacho. Kikipatikana, nyote wawili mnapumua, kwa sababu sasa kuna mazungumzo, na mwisho wa mazungumzo hayo unajulikana, ni kupeana mkono. Ndiyo maana dereva mwenye busara huacha kitu kimoja nyumbani kwa makusudi, kitu cha bei nafuu. Jirani yangu ameendesha gari tangu enzi za Mobutu na hajawahi kutoka na pembetatu. Anazo, tena mpya, ziko sebuleni zimefunikwa kitambaa. Anasema kukosa pembetatu kuna bei inayojulikana, lakini gari lililokamilika linaweza kukupeleka popote pale.

Siku hiyo gari langu lilikuwa limekamilika.

Kijana alifika mwisho wa orodha mikono mitupu. Alisoma tarehe ya kizimamoto, akakigeuza, akaisoma tena kutoka upande wa pili. Akahesabu bandeji. Akamtazama jogoo kwa muda, nami nikaona anapima iwapo jogoo naye anahitaji karatasi. Halafu akatazama chini kwenye magurudumu yangu, akatazama pembeni, ambako toleka walikuwa wamejipanga na kinga zao wakisubiri abiria, na uso wake ukakunjuka.

"Papa, umesimama ndani ya njia ya kinga."

"Iko wapi?"

"Hiyo uliyoikanyaga."

Nikashuka kuitazama. Palikuwa na lami iliyoliwa ukingoni, dimbwi lenye rangi za mafuta ya gari, kokwa ya embe, na vifuko vya plastiki vya maji ya kunywa vilivyonyonywa hadi tone la mwisho. Hapakuwa na mstari. Hapakuwa na kibao. Nilichutama, nikafuta vumbi kwa kiganja, labda kuna kitu chini yake. Chini ya vumbi kulikuwa na vumbi la zamani.

"Shefu, hapa hakuna rangi."

"Rangi imefutika, Papa," alisema, hata jicho halikupepesa. "Sheria haijafutika."

Lilikuwa jibu zuri, na uzuri wake ndio ulioniudhi. Nikamwonyesha paa la gari. "Lakini ninashusha kinga! Nimesimama kwa ajili ya kinga!"

"Kinga iko juu, Papa. Njia yake iko chini."

Shangazi akatoa kichwa dirishani. "Mwanangu, mpe kijana ya maji tuondoke, samaki wanaharibika." Yeye ana hekima ya mtu aliyepita vizuizi vingi vya mtoni. Lakini mimi nilikuwa nimeshapandwa na mori. Nilikuwa na pembetatu, nilikuwa na bandeji, nilikuwa na haki. Nikatamka neno ambalo sijawahi kumsikia mtu akilitamka mbele ya askari wa barabarani katika mji huu:

"Andika."

Toleka wakanyamaza. Fundi akashikilia pampu juu, haijashuka.

"Niandike nini?"

"Kosa. Liandike kwenye karatasi, unipe nakala, nitalijibu ofisini."

"Papa, tusifike huko," alisema kwa huruma ya kweli. "Huko ni mbali."

"Tufike."

Ilibidi aazime biki kwa fundi. Kitabu cha fomu alikuwa nacho, kimekunjwa ndani ya mfuko wa nyuma, na kurasa zake zilikuwa zimeshikana kwa kukosa kazi. Karatasi ya kaboni aliipuliza, akaipachika kichwa chini, akaigeuza. Akaandika polepole, ulimi nje kidogo. Penye jina aliandika jina langu bila kosa hata moja. Penye kifungu cha sheria aliandika alama ambayo mwanasheria mmoja rafiki yangu anasema ni 44, fundi anasema ni 11 iliyojikwaa, na karani wa ofisini alisema ni mwanzo wa sahihi. Penye aina ya chombo alisita, akainua macho kwenye paa, akaandika kwa uaminifu wote: gari na kinga. Msomaji aikumbuke sehemu hiyo. Mimi sikuitilia maanani.

Sheria yenyewe nilikwenda kuitafuta, na hapa naomba nivumiliwe, kwa sababu niliingia humo kwa hasira nikatoka kwa mapenzi. Kanuni zetu za barabarani ni Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Mwaka mmoja kabla, nchi yetu, wakati huo Zaire, ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ule unaotaka kanuni za barabarani zifuatwe sawasawa na dereva wa Vienna na dereva wa Kisangani. Fikiria mwaka huo wa 1978. Mwezi wa Mei watu wanauana Kolwezi, Wafaransa wanashuka na miavuli, bei ya shaba iko chini, wakubwa wa Kinshasa hawalali. Na katikati ya hayo yote, mahali fulani, kuna mtu amekaa mezani anaandika kwa mwandiko safi mambo ya mahali pa kusimamisha gari, ya zamu ya kupita njia panda, na ya baiskeli. Mtu huyo simjui, lakini ningependa kumnunulia chupa ya bia. Alikuwa na imani na nchi kuliko sisi wote.

Njia ya baiskeli, ukisoma sheria za ukoo huu, hailetwi na lami wala udongo. Inaletwa na alama. Kwa Wabelgiji, ambao amri yao ya barabarani ya tarehe 1 Desemba 1975 ni ndugu wa karibu wa sheria yetu, njia hiyo huzaliwa kwa namna mbili. Ama kuna kibao cha duara cha buluu chenye baiskeli nyeupe. Ama kuna mistari miwili myeupe, ya vipande vipande, inayokwenda sambamba, na nafasi iliyo kati yake iwe nyembamba kiasi kwamba gari haliwezi kutembea humo. Alama zikiwapo, njia ipo, hata kama baiskeli haijawahi kupita. Alama zisipokuwapo, hata ukipitisha kinga elfu, hiyo ni barabara tu.

Nilisoma hayo usiku, kwa mwanga wa simu, umeme umekatika, mke wangu akiniuliza kama nimeanza kanisa jipya. Hasa kile kipengele cha wembamba kilinilewesha. Kama njia ya baiskeli kwa maumbile yake ni nyembamba kuliko gari, basi gari langu lililoingia lote humo, na shangazi, na jogoo, na mawese, limeingiaje? Ama hiyo si njia ya baiskeli, ama hilo si gari. Niliandika hoja hiyo kwenye daftari la mtoto, nikaipigia mstari, nikaisoma kwa sauti. Asubuhi nilianza kutembea mjini nikitazama chini, nikiitafuta mistari miwili. Nilikuta ya chokaa kwenye mawe ya ukingo, iliyopakwa mgeni mkubwa alipokuwa anakuja, ikaishia pale alipoishia yeye. Nilikuta ya uwanja wa mpira. Sambamba, myeupe, ya vipande vipande, hapana.

Wenzetu wa kule mbali angalau rangi wanayo. New York, ukisimamisha gari kwenye njia ya baiskeli, faini ni dola 115, na njia unaiona hata ukiwa juu ya ghorofa. Lakini huko nako kuna vituko vyake. Mwaka 2011 mtengeneza filamu mmoja, Casey Neistat, alipigwa faini ya dola 50 kwa kosa la kinyume: alikuwa kwenye baiskeli, akaendesha nje ya njia yake. Akatengeneza filamu fupi akijilazimisha kutii, akifuata njia hiyo neno kwa neno, na kila kilichosimama ndani yake anakigonga kwa mwili wake mzima: mizigo, vizuizi, teksi, mwisho gari la polisi. Niliitazama filamu hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa baba wa familia. Na Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro, mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 walipata na njia za watu wa miguu na baiskeli. Bodaboda walishukuru sana.

Ila hapa kwetu mambo yanataka kusemwa kwa sauti nyingine.

Huu ni mji ulioendeshwa kwa miguu ya vijana. Vita vilipoanza 1998 na boti za Kinshasa zikaacha kupanda kwa miaka, petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa, na mwenye gari aliliegesha uani kuku wakataga ndani. Juni 2000 majeshi mawili ya wageni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana humu kwa siku sita, makombora yakaanguka juu ya watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Mji uliposimama tena, ulisimama juu ya magurudumu mawili. Toleka ndiye aliyempeleka mama mjamzito kujifungua. Toleka ndiye aliyempeleka mwalimu kazini, na mfuko wa simenti, na kreti ya bia, na jeneza dogo. Nyuma, juu ya chuma cha mizigo, waliweka kiti cha sponji kilichoshonewa kitambaa chenye shada pembeni, na chini vyuma viwili vya kukanyagia ili abiria asining'inie. Kiti hicho kilikuwa kinafutwa kwa mkono kabla hujakaa, kila mara, hata kama kilikuwa safi. Mpaka leo wapo wanaofuta.

Na wako wale wa kumba-kumba, wasiopanda kabisa. Hao husukuma. Fimbo moja wamefunga kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti, na katikati mzigo uliofika kifuani: mawese, chumvi, sabuni, vitenge. Kutoka Buta hadi hapa ni zaidi ya kilomita 300 za msitu na matope, na mtu anaweza kuzikokota hivyo, analala njiani, anaziba tobo gizani kwa kupapasa. Akifika mjini hakuna aliyewahi kumchorea mstari. Pikipiki zilipojaa baada ya vita zilimsogeza ukingoni. Magari nayo yalikuja, yakamsukuma kwenye mtaro. Toleka akigongwa, anayempeleka hospitali ni toleka mwenzake.

Katika muda wote huo sijaona lori likisimamishwa kwa ajili ya baiskeli. Sijaona kibao cha buluu. Sheria ya yule mtu wa mwandiko safi imelala tangu 1978, haikuamka kwa ajili ya mama mjamzito wala kwa ajili ya jeneza dogo; iliamka siku moja karibu na soko kuu, ikanidai mimi hela, ikalala tena. Na sisemi hivi kwa sababu ya hela. Ningelipa mara mbili, tena kwa furaha, kama wangeniambia faini hiyo inanunua kopo moja la rangi nyeupe.

Basi. Ofisi nilikwenda, ofisi ambayo sitaitaja kwa ajili ya amani ya familia yangu. Kabla ya hapo rafiki yangu mwanasheria alinikalisha kwenye nganda, yaani baa, akanifundisha. Kwa mujibu wa amri ya utaratibu wa makosa ya jinai ya tarehe 6 Agosti 1959, alisema, afisa wa upelelezi anaweza kukupendekezea faini ya mapatano. Ukilipa, kwa kawaida mambo yamekwisha, na kulipa huko hakuhesabiwi kuwa umekiri kosa. Ukikataa, faili linapanda kwa mwendesha mashtaka. "Kwa hiyo lipa," alisema, "ukiwa huna hatia." Nilimwambia naona ni jambo la ajabu kulipa ukiwa huna hatia. Alinitazama kwa mshangao, akaniuliza nimeishi nchi gani.

Nilikataa kulipa. Mkubwa wa ofisi alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, na kwa bahati yangu, mbaya au nzuri hadi leo sijui, alikuwa mtu anayesoma. Alisoma karatasi pande zote. Alisoma daftari la mtoto. Alifika kwenye hoja ya wembamba akairudia, midomo ikicheza. Kijana wa shati la pasi alikuwa amesimama karibu na mlango, naye akashindwa kujizuia: "Mama, rangi imefutika."

"Ilifutika lini?" mama akauliza.

Kimya. Swali hilo lilikuwa bora kuliko hoja zangu zote, na mimi sikuwa nimeliandika popote.

"Lazima tushuke tukaone mahali penyewe," mama akasema. Nikafurahi. Serikali inashuka kwa ajili yangu! Kisha akafafanua kwamba gari la ofisi lipo ila mafuta hayapo. Macho yote yakanigeukia.

Nikawabeba: mama mkubwa mbele, nyuma kijana, karani mwenye daftari, na mtu wa nne ambaye hakuna aliyemtambulisha lakini alikuja. Kufika mahali ilikuwa rahisi. Kusimama ndiyo ilikuwa kazi. Nikikaribia ukingo, kijana anakohoa nyuma yangu: "Hapana hapo, Papa." Mbele ya fundi, hapana. Mbele ya duka la dawa, hapana, njia ya wagonjwa. Ng'ambo, hapana, kona. Tulizunguka soko, mama akitazama dirishani kimya, akiwa, nadhani, anauona mji wake kwa mara ya kwanza kwa jicho la mwenye gari. Mwishoni nikaegesha kwenye uwanja wa kanisa, tukarudi kwa miguu juani. Mtu wa nne akanunua maembe.

Fundi alitoa kamba tukapima. Kutoka ukingo wa lami hadi mahali magurudumu yangu yalipokuwa, kwa mujibu wa fundi. Kisha kwa mujibu wa kijana. Tofauti yao ilikuwa gari zima. Mama alichutama kama nilivyochutama mimi, akafuta vumbi. Akainuka. Nilijua nimeshinda. Basi, kwa kutaka kuufunga ushindi kwa fundo, nikawageukia toleka, watu niliokuwa nimewatetea usiku na mchana ndani ya kichwa changu, nikasema: "Muulizeni hata ndugu hawa. Wanakaa hapa kila siku. Semeni, ndugu zangu. Hapa kuna njia ya kinga?"

Wakatazamana. Mkubwa wao, mzee mwenye kofia ya sufu, akavua kofia.

"Ipo, Mama."

Nilidhani hakusikia. "Mzee, njia ya kinga. Ya sheria."

"Ipo," akasema, "tangu zamani. Inaanzia kwa mwavuli huu, inakwenda hadi pale kwenye mwembe. Magari yanatusumbua sana." Na wengine wote wakaitikia, ipo, ipo, mmoja akaonyesha na upana wake kwa mikono, mwingine akasema pikipiki nazo zikatazwe. Kijana wa shati la pasi akawatazama kwa macho ya mtu aliyetabiri mvua ikanyesha.

Baadaye yule mzee alinivuta kando. "Papa, usikasirike. Ukisema haipo, kesho watatufukuza hapa. Leo serikali imekuja yenyewe na kamba. Ningesemaje haipo?" Sikuwa na jibu. Sina hadi sasa. Nilikuwa nimekuja kuthibitisha kwamba hawakupewa kitu, na wao wamekipata mbele ya macho yangu, kutoka mwavuli hadi mwembe, kwa gharama yangu.

Mama akaamua palepale. Njia ya kinga kisheria haionekani, alisema, lakini kinga zinaonekana. Kwa hiyo kosa la kusimama ndani ya njia linafutwa, na mahali pake panaingia kosa la kuzuia kinga zisipite. Faini ni ileile. Juu yake, gharama za kushuka mahali pa tukio, pamoja na usafiri.

"Usafiri ulikuwa gari langu, Mama."

"Ndiyo," alisema, "na limeandikwa."

Nililipa. Sikukiri, ila nililipa. Mambo mengine ya wiki hiyo sina nguvu ya kuyaeleza: samaki waliharibika, mkanda wa usalama ulikatika mkononi mwa shangazi, na jogoo aliruka pale ofisini akaingia chumba cha mafaili, hatujarudishiwa.

Kilichobaki ni karatasi. Fedha za serikali hazilipwi mkononi, zinalipwa benki kwa noti ya malipo, na aliyeandika noti hiyo alikuta kwenye fomu ya kwanza, kwa mwandiko wa ulimi nje, "gari na kinga". Kompyuta yake ilikuwa na nafasi ya chombo kimoja. Akachagua. Juzi asubuhi alibisha kijana mwingine, mpole naye, mwenye orodha iliyopigwa chapa. Alinisalimia vizuri, akasema yeye ni wa kodi, na kwamba kwenye orodha yake mimi ni mwenye kinga moja ambayo mwaka huu haijalipiwa. Akaomba kuiona. Nilimwambia ni ya shangazi, iko kwa fundi karibu na soko kuu, haina mnyororo. Akaandika. Akasema hata hivyo sheria inamtaka aione kwa macho, twende tu mara moja turudi, akatazama uani kwangu na kuniuliza kama lile gari linatembea.